Mtoto wa Akili na Mtoto wa Bidii: Yupi Atafika?



Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotoka, maneno ya namna moja husikika katika nyumba zetu. Baba hushika karatasi, hutazama alama, kisha hutoa hukumu: "Huyu ana akili, tutamsomesha. Huyu hana, na ashike jembe." Neno hilo husemwa kwa dakika moja, lakini mtoto hulichukua maisha yake yote. Yule aliyeambiwa ana akili huanza kulala, maana anadhani amekwisha kufika. Yule aliyeambiwa hana, naye huanza kulala, maana haoni sababu ya kukesha. Basi neno moja la mzazi limelaza watoto wawili.

Mimi ni karani wa parokia, na kabla ya kazi hii nilisomea ualimu chuoni. Wazazi wengi hufika mezani kwangu kutaka barua ya mtoto anayekwenda shule au anayetafuta kazi, nao huniuliza swali lile lile: Je, kinachomfikisha mtu mbele katika kazi yake ni akili aliyozaliwa nayo, au ni bidii? Leo yafaa tulitazame swali hili pamoja, bila haraka, kwa mambo yaliyotokea kweli, na mengine yametokea hapa hapa kwetu, chini ya Mlima Kilimanjaro.

AKILI HAIPIMWI KWA KIBABA

Wahenga walisema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawakusema kwamba mmoja anazo na mwenziwe ni kipara! Walitaka tujue kwamba akili ni za namna nyingi. Mmoja ni mwepesi wa hesabu, mwingine ni mwepesi wa kusoma nyuso za watu, wa tatu akitazama injini iliyokufa huona mara moja palipoharibika.

Hata hivyo, wataalamu wamejaribu kuipima akili. Mwaka 1921 bwana mmoja wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, jina lake Lewis Terman, alianza kazi kubwa. Alikusanya watoto wapatao 1,500 waliopata alama za juu sana katika mtihani wa akili, kisha yeye na wenzake wakaandika habari zao mwaka baada ya mwaka, hata walipokuwa watu wazima. Wengi wao walifanikiwa: walikuwa wanasheria, madaktari, walimu wa vyuo vikuu. Basi tusiseme kwamba akili si kitu. Ni kitu, tena ni kitu kikubwa.

Lakini sikiliza upande wa pili. Katika watoto wale wote waliochaguliwa, hakuna hata mmoja aliyepata Tuzo ya Nobel, ambayo ndiyo heshima kuu ya wanasayansi duniani. Kumbe wavulana wawili waliopimwa wakaachwa nje, kwa kuwa alama zao hazikutosha, ndio waliokuja kuipata! William Shockley aliipata mwaka 1956, na Luis Alvarez mwaka 1968, wote wawili kwa fizikia. Mtihani uliwatazama, usiwaone.

Ndiyo sababu nasema: karatasi ya matokeo yatuambia jambo la kweli, lakini haituambii mambo yote. Yatuambia mtoto alipofika siku ile. Haituambii atafika wapi.

KIJANA WA MAGAMBA NA MAZIWA YA MOTO

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1963 kijana mmoja jina lake Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi wa pale walipenda kutengeneza aiskrimu. Walinunua maziwa, wakayachemsha, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu. Nafasi katika jokofu ilikuwa ndogo, na wavulana walikuwa wengi.

Siku moja Mpemba alipokuwa akichemsha maziwa yake, alimwona mwenziwe anakimbilia jokofu na maziwa mabichi, asiyachemshe kabisa, ili asikose nafasi. Mpemba akajua kwamba akingoja yake yapoe, nafasi itakwisha. Basi akayatia ndani yakiwa ya moto vile vile. Baada ya saa moja na nusu wakaenda wote wawili kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yamekwisha kuganda; ya mwenziwe yalikuwa bado uji mzito.

Hapo ndipo pa kupimia mtu. Wavulana wangapi wangaliona jambo lile, wakala aiskrimu yao, wakasahau? Mpemba alimwuliza mwalimu wake wa fizikia: Imekuwaje cha moto kutangulia kuganda? Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Kijana akanyamaza, lakini hakuliacha swali lake. Alipokutana na rafiki aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, akasikia kwamba hata yeye hutia maziwa yakiwa ya moto, kwa kuwa huganda upesi. Wachuuzi walijua kwa mikono yao jambo ambalo darasani lilikataliwa.

Alipofaulu akaenda Shule ya Mkwawa, Iringa. Huko mwalimu alipofundisha habari za vitu vinavyopoa, Mpemba akauliza tena, akajibiwa tena kwamba amekosea. Aliposhikilia, mwalimu akasema kwa mzaha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku ile, kila alipokosea kidogo, darasa zima likamcheka kwa maneno hayo.

Alasiri moja aliikuta maabara ya biolojia iko wazi. Akachukua bilauri mbili, moja akaitia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka katika jokofu. Baada ya saa moja akaona barafu zaidi katika ile iliyotiwa maji ya moto.

Baadaye akafika mgeni shuleni, Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho zamani zile kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Wanafunzi walipopewa nafasi ya kuuliza, Mpemba akasimama na swali lake. Wenzake waliona haya, wakadhani amewaaibisha mbele ya mgeni. Lakini Dk. Osborne hakumcheka. Alimwuliza kama amelijaribu mwenyewe, kisha akaahidi kwamba naye atalijaribu. Aliporudi Dar es Salaam akampa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto kweli yametangulia kuganda, lakini ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi! Hata fundi hakuamini macho yake.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika habari hiyo pamoja katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza. Wakati huo kijana wetu alikuwa amekwisha kuja huku kwetu, akisoma katika Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, juu ya mji wa Moshi, chuo kilichofunguliwa mwaka ule ule wa 1963. Baadaye alifanya kazi yake serikalini kama bwana nyama. Hakuwa profesa. Lakini mpaka leo wanasayansi duniani huliita jambo lile kwa jina lake, Mpemba. Ni kweli kwamba bado wanabishana: wengine wasema ni kwa sababu ya mvuke unaotoka, wengine wasema ni mzunguko wa maji ndani ya chombo, na mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza walipima kwa uangalifu wakasema hawakuliona kabisa. Ubishi wenyewe waonyesha kwamba swali la kijana yule halikuwa la kijinga.

Wakumbuke pia Aristotle wa Wagiriki, Bacon wa Uingereza na Descartes wa Ufaransa. Hao nao waliandika zamani juu ya jambo kama hilo, na ulimwengu ukalisahau. Mwanafunzi wa Magamba ndiye aliyelirudisha.

Je, hiyo ilikuwa akili au bidii? Kuona ilikuwa akili. Kushikilia miaka kadhaa huku unachekwa, hiyo ilikuwa bidii. Ukiondoa moja, habari hii haipo.

JASHO LISILO NA JICHO

Wako wasemao: "Basi, bidii tu yatosha. Fanya kazi, utafika." Ndugu zangu, neno hilo nalo lina kasoro. Tungekuwa tunapata mafanikio kwa jasho peke yake, punda angekuwa tajiri.

Wazee wetu wa mlimani walilijua hilo walipochimba mifongo, ile mifereji iletayo maji kutoka mitoni hadi migombani. Hawakuwa na vyombo vya kupimia. Alihitajika mtu mwenye jicho, ajuaye mteremko unakwenda wapi, na walihitajika watu wengi wenye majembe. Mwenye jicho akikaa peke yake, hana maji. Wenye majembe wakichimba bila jicho, wanapata handaki kavu.

Njoo sasa katika majaruba yetu ya Chekereni. Zamani mpunga ulilimwa hapa kwa mazoea, na hekta moja ilitoa tani 2 hivi. Kati ya mwaka 1984 na 1987 ulijengwa mradi wa umwagiliaji wa Moshi ya Chini kwa msaada wa Japani, maji yakatolewa katika mito ya Njoro na Rau, ikaletwa mbegu ya IR54, na wakulima wakafundishwa kazi upya. Mavuno yakapanda yakafika tani 6 na zaidi kwa hekta. Tangu mwaka 1994 kituo chetu cha mafunzo, KATC, kimewafundisha pia wakulima na mabwana shamba waliotoka mikoa mingine.

Je, wakulima wale waliongeza akili za kuzaliwa? Hapana, walikuwa ni wale wale. Wenyewe walikuwa wachapa kazi tangu mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba jasho lao lilipata jicho. Chukua wakulima wawili wenye jaruba sawa. Mmoja hasawazishi vizuri. Palipoinuka maji hayafiki, magugu huota. Palipobonyea mche huzama. Mwenziwe anasawazisha mpaka maji yanalala sawa kama sahani. Mmoja anapandikiza ovyo ovyo, naye wakati wa palizi hana pa kukanyaga. Mwenziwe anapanda kwa mstari, miche ikiwa bado michanga, ya wiki tatu hivi, na palizi ni nyepesi. Wote wawili wanarudi nyumbani wamechoka. Lakini siku ya kuhesabu magunia, uchovu wao hauko sawa.

Hata wataalamu wa mbali wameliona hilo. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake waliandika juu ya vijana waliokuwa wakijifunza kupiga fidla mjini Berlin, Ujerumani. Wale waliokuwa bora kabisa walikuwa wamefanya mazoezi kwa wastani wa saa 10,000 hivi walipofika umri wa miaka 20. Wale waliosomea kuwa walimu wa muziki walikuwa hawajafikia nusu yake. Angalia tena: hayakuwa mazoezi ya kujifurahisha. Walirudia pale palipowashinda, mwalimu akawasahihisha, wakarudia tena.

Lakini tusizidishe chumvi. Mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake walikusanya chunguzi nyingi za namna hiyo. Wakaona kwamba katika tofauti baina ya watu, mazoezi yalieleza sehemu 26 katika 100 kwa michezo kama sataranji, sehemu 21 katika 100 kwa muziki, na kwa kazi za kitaalamu sehemu isiyofika hata 1 katika 100. Sehemu iliyobaki, je? Humo mna akili ya kuzaliwa, mna umri mtu alioanza, na mna jambo ambalo sisi wa Chekereni tunalijua kuliko wengi.

PASIPO MAJI

Mradi wetu ulipofanikiwa, watu wa sehemu za juu ya mto waliona mavuno, wakatamani, nao wakafungua majaruba yao. Hatuwezi kuwalaumu kwa kutaka kula. Lakini maji yakapungua huku chini, na sehemu kubwa ya shamba lililokusudiwa ikakosa maji. Mkulima mwenye jicho na mwenye jasho akasimama kwenye tuta lake, anangoja zamu, na jaruba limepasuka. Je, tuseme huyo ni mvivu? Tuseme hana akili? Mtu yeyote aliyelima hapa hawezi kusema hivyo.

Basi kwa nini twasema hivyo juu ya mtoto? Mtoto naye ana maji yake: muda wa kusoma, taa, chakula cha mchana, na mtu mzima anayemsikiliza. Bila Dk. Osborne kusikiliza, swali la Mpemba pengine lingalikufa Iringa.

Tangu mwaka 2016 serikali imeondoa ada katika shule zake toka msingi hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Hilo ni jambo jema. Lakini ada siyo maji yote. Mtazame msichana anayetoka shule, anachota maji, anasonga ugali, anambembeleza mdogo wake, kisha saa tatu ya usiku ndipo anafungua daftari, macho yamejaa usingizi. Kaka yake amekaa. Matokeo yakitoka twasema: "Kijana ana akili kuliko dada yake." Hatukupima akili zao hata kidogo. Tumepima zamu ya maji.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, tubadilishe sifa tunazotoa. Mwaka 1998 walimu wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, waliandika habari za watoto waliofanya mafumbo. Wengine walisifiwa kwa kuambiwa wana akili, wengine kwa kuambiwa wamefanya bidii. Kisha wakapewa mafumbo magumu. Wale waliosifiwa akili walivunjika moyo upesi, na walipendelea kazi nyepesi ili wasiharibu jina. Waliosifiwa bidii walitaka kujaribu. Basi mtoto akifaulu, mwulize: "Ulifanyaje mpaka ukapata?" Akianguka, mwulize vile vile: "Ulifanyaje?" Swali hilo litamfundisha kutazama kazi yake mwenyewe.

Pili, tusimcheke anayeuliza. Kuuliza si ujinga. Kama hujui jibu, sema: "Sijui, tujaribu." Maneno hayo mawili hayapunguzi heshima ya baba.

Tatu, kila mtoto, wa kike na wa kiume, apewe walau saa moja ya kusoma kabla ya giza, na kazi za nyumbani zigawanywe sawa. Saa moja si kitu kikubwa, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Nne, tusidhani mafanikio ni ofisi tu. Fundi cherehani ambaye nguo yake haifumuki, mkunga anayejua mapema kwamba mama huyu apelekwe hospitali, mkulima mwenye jaruba lililolala sawa, hao wamefanikiwa katika kazi zao. Mtoto aliyeshika jembe kwa heshima na kwa mafunzo hajatupwa. Ametupwa yule aliyepewa jembe kama adhabu ya kukosa alama.

Nanyi vijana mnaosoma gazeti hili baada ya wazazi kulimaliza, nina neno moja. Usijiulize kama una akili. Swali hilo halina faida, maana hata ukijibiwa halikuongezei kitu. Jiulize ni jambo gani umeliona leo ambalo hukulielewa, na kesho utafanya nini ili ulielewe. Liandike nyuma ya daftari. Kisha mtafute mtu wa kumwuliza, na akikucheka, mtafute mwingine.